Azima Kitabu, Weka Bei Yake: Akiba Ndogo kwa Anayekaribia Kustaafu

Miaka kumi ya mwisho kazini ndiyo yenye matumizi mengi kuliko yote. Ada za watoto ziko juu, nyumba haijaezekwa, na makato ya mkopo yanautangulia mshahara kila mwezi. Mtu wa umri huo ukimwambia atenge laki tatu, hana pa kuzitoa. Mwongozo huu unahusu kiasi anachoweza kukitoa: elfu ishirini au thelathini kwa mwezi zinazokwenda kwenye vitabu na magazeti ambavyo maktaba ya umma tayari inavyo.

Nimemlenga mtumishi wa Tanzania, hasa aliye mjini, ambaye huruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Mwenzetu wa Kenya au Uganda naye atapata humu kitu cha kumfaa, ila taratibu za mafao ni za huku kwetu.

Elfu thelathini si haba ukizitazama pamoja na mafao. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza Julai 2022 kilifanya malipo ya mkupuo, yale unayopewa kwa mara moja unapostaafu, kuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 hapo zamani, na 35 kwa lile lililokuwa likipata 25. Sehemu inayobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Pensheni hiyo ni ndogo kuliko mshahara uliouzoea. Kwa hiyo kila tumizi unalojifunza kulipunguza ukiwa bado kazini linakusaidia mara mbili: unapata cha kuweka sasa, na baadaye hutalihangaikia.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika jambo hili. Kuazima kitabu peke yake si akiba. Pesa ambayo hukununulia kitabu ikibaki mfukoni itaingia kwenye bando, kwenye mchango wa harusi, au kwenye chipsi za njiani, na mwisho wa mwezi huioni. Inakuwa akiba pale tu unapoitoa na kuihamisha. Watu wengi wana kadi za maktaba na hawajawahi kuona faida yake ya fedha kwa sababu hatua hiyo ya kuhamisha hawaifanyi.

Hatua ya 1: Andika unachotumia sasa

Chukua daftari, andika kwa mwezi mmoja kila shilingi uliyolipia kitu cha kusoma: magazeti, vitabu vyako, vitabu vya hadithi vya watoto, hata nakala za fotokopi. Andika bei uliyolipa kweli. Kama kawaida yako ni kununua vitabu vya mtumba vinavyopangwa kandokando ya barabara kwa elfu tano, usiandike elfu ishirini na tano ya dukani ili hesabu ipendeze.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa Dar es Salaam anayefanya kazi mjini kati. Ananunua magazeti matatu kwa wiki kwa shilingi 1,000 moja, yaani 12,000 kwa mwezi. Ananunua kitabu kimoja cha kwake cha 15,000, na kimoja cha mtoto cha 7,000. Jumla ni 34,000. Akianza kwenda maktaba na mtoto Jumamosi mbili kwa mwezi, nauli zao za kwenda na kurudi tuseme ni 3,200. Magazeti anayasoma hukohuko maktaba wakati wa mapumziko ya mchana, kwa kuwa anafika kwa miguu. Zinabaki 30,800. Kiasi cha kuhamisha kila mwezi kiwe 30,000, na ile mia nane ikae kwa ajili ya ada ya uanachama.

Hesabu yako haitafanana na hii. Anayekaa mbali na kununua kitabu kimoja kwa miezi mitatu anaweza kujikuta na elfu nne tu baada ya nauli. Basi aweke elfu nne. Ila kitabu ambacho usingekinunua kamwe kisiingie kwenye hesabu. Ukiazima riwaya sita kwa sababu ni za bure, hukuokoa bei ya riwaya sita. Umepata burudani, nayo ni njema, lakini haina shilingi ndani yake.

Hatua ya 2: Kata kadi ukiwa bado una mwajiri

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo inayosimamia maktaba za umma. Makao yake ni Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, jengo lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mikoani kuna maktaba za mkoa, na baadhi ya wilaya zinazo za kwao. Kuingia kusoma ni jambo moja, kuazima na kwenda na kitabu nyumbani ni jambo jingine. Kaunta waambie wazi kwamba unataka uanachama wa kuazima.

Nenda na kitambulisho, picha za pasipoti na namba ya simu inayopatikana. Mara nyingi fomu ina sehemu ya mdhamini, na hapo ndipo nasisitiza uwahi. Leo ukipeleka fomu kwa mkuu wako wa idara, inagongwa muhuri kabla ya saa sita. Ukishastaafu utaanza kutafuta nani wa kukudhamini, wakati hata barua ya Serikali ya Mtaa ina foleni yake.

Uliza mambo manne palepale kaunta na uyaandike nyuma ya daftari: ada ya mwaka, idadi ya vitabu kwa mara moja, siku za kukaa navyo, na faini ya kuchelewa. Uliza pia saa za kufungua Jumamosi.

Hatua ya 3: Ijue rafu kwa namba

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu anaingia, anaona rafu ndefu, anazunguka, anatoka na kitabu asichokihitaji. Maktaba hizi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, na namba iko kwenye mgongo wa kitabu, sehemu ya chini. Ukiwa na namba chache kichwani huhitaji kuzunguka. Kwa anayekaribia kustaafu, hizi ndizo za kuanza nazo:

- 332.024: fedha za mtu binafsi na akiba
- 346: sheria za watu na mali, humo ndimo wosia na mirathi
- 616: maradhi, pamoja na presha na kisukari
- 635: bustani na mbogamboga
- 636.5: kuku
- 638.1: nyuki
- 639.3: ufugaji wa samaki
- 658: uendeshaji wa biashara
- 690: ujenzi
- 896.392: fasihi ya Kiswahili

Usipoona kitu, muulize mkutubi. "Habari za kazi, dada? Natafuta vitabu vya kuku wa mayai, vya Kiswahili kama vipo." Swali la namna hiyo linajibiwa haraka kuliko "Mna vitabu vya ujasiriamali?" kwa sababu ujasiriamali umetawanyika rafu tano. Vitabu vya rejea haviazimishwi. Hivyo utakaa navyo mezani, kwa hiyo daftari liwe mkononi.

Tazama mwaka wa kuchapishwa kabla ya kukibeba. Kitabu cha zamani cha bustani bado kitakufundisha nafasi ya kupandia nyanya. Lakini kitabu cha mafao kinachotaja PSPF, LAPF, GEPF au PPF kama mifuko ya pensheni iliyo hai kiliandikwa kabla ya 2018, mwaka ambao mifuko hiyo iliunganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki kwa sekta binafsi. Hesabu zilizomo zitakudanganya. Vivyo hivyo vitabu vya kodi na vya dawa za mifugo.

Sasa nikae kidogo kwenye 636.5, kwa kuwa hapo maktaba inaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko bei za vitabu vyote utakavyoazima. Wastaafu wengi huingia kwenye kuku wakiwa na mkupuo mkononi na maelezo waliyoyapata kwenye kundi la simu. Azima kitabu cha ufugaji miaka mitatu kabla, kisome na kalamu mkononi. Kitakwambia kwamba kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi ya 20, maana yake zaidi ya miezi minne unalisha bila kuuza hata yai moja. Kitakwambia kuku mkubwa anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Zidisha mwenyewe: kuku 200 kwa gramu 120 ni kilo 24 kila siku, na gunia la kilo 50 linaisha mwanzoni mwa siku ya tatu. Kapate bei ya gunia mtaani kwako, uiandike pembeni ya hesabu hiyo. Kisha tazama ratiba ya chanjo, kideri, gumboro na ndui, na ujiulize nani atachanja siku ukiwa msibani. Kwa kuku wa asili kuna chanjo ya kideri ya I-2 ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Nayo ina gharama na ina kalenda.

Ukimaliza hesabu hiyo na bado unawataka kuku, vizuri, utaanza ukijua unachokiingia. Wakenya wanakumbuka kware wa mwaka 2013 na 2014: yai la kware lilisifiwa kila kona, watu wakakimbilia kufuga, na walipokuwa wengi bei ikaporomoka. Mkupuo wa mtumishi hautolewi mara mbili.

Hatua ya 4: Azima kwa mpango

Chukua vitabu kwa kadiri kadi inavyoruhusu kwa safari moja, kimoja cha kazi na kimoja cha kupumzikia, na unganisha safari hiyo na shughuli nyingine ya mjini ili nauli isihesabiwe juu ya kitabu peke yake.

Fungua ukurasa wa nyuma wenye karatasi ya mihuri ya tarehe. Ikiwa muhuri wa mwisho ni wa zamani, kitabu hicho hakigombewi, na kuna uwezekano mkubwa utaongezewa muda ukiomba. Ikiwa mihuri imefuatana, mwenzako anakisubiri; kisome kwanza hicho, kile kingine baadaye.

Tarehe ya kurudisha iweke kwenye simu na kengele ilie siku mbili kabla. Faini ya siku moja ni ndogo, lakini kitabu kilichosahaulika juu ya kabati kwa miezi miwili kinakula akiba ya mwezi mzima. Kitabu kikipotea au mtoto akichana kurasa utadaiwa kukifidia, kwa hiyo nyumbani kiwe na mahali pake pamoja, mbali na jiko na mbali na ndoo ya maji. Usipige mstari hata kwa penseli. Unachotaka kukikumbuka kiandike kwenye daftari pamoja na namba ya ukurasa. Daftari hilo litakuwa lako hata kitabu kikirudi.

Mtoto mkatie kadi yake kama kuna sehemu ya watoto. Mjukuu anayezoeshwa maktaba anapunguza gharama kwa wazazi wake pia, na mkienda pamoja utakuwa na sababu ya kwenda hata wiki ambayo umechoka.

Aliye mbali na maktaba aangalie maktaba ya shule au ya chuo iliyo karibu, na aombe ruhusa kwa mkuu wake. Pasipo na hata hiyo, watumishi watano wa kituo kimoja wanaweza kupeana vitabu walivyo navyo kwa daftari la kusaini. Hatua zinazofuata ni zilezile.

Hatua ya 5: Hamisha bei siku hiyohiyo

Ukitoka maktaba na kitabu ambacho ungekinunua kwa 15,000, hamisha 15,000 kabla hujapanda daladala. Ukisoma gazeti mezani, hamisha 1,000 au weka alama kwenye daftari na uhamishe tatu za wiki kwa pamoja siku ya Ijumaa.

Angalia makato. Kutuma elfu moja moja kwenda benki kutoka kwenye simu kunaweza kuliwa na gharama za muamala. Njia nzuri ni ngazi mbili: kwanza pesa ziingie kwenye sehemu ya akiba iliyo ndani ya huduma yako ya simu au akaunti ndogo ya akiba ya benki yako, kisha mara moja kwa mwezi kiasi chote kiende mahali pa kudumu. Kibubu cha nyumbani sikipendekezi kwa umri huu. Kila mtu nyumbani anajua kilipo, na shida ya elfu tano haikosekani wiki hata moja.

Kwenye daftari andika mistari miwili tu kwa kila kitabu: jina la kitabu na tarehe ya kukiazima, kisha kiasi kilichohamishwa na tarehe. Mstari wa pili ukikosekana, siku hiyo hakuna akiba, hata kama kitabu kilikuwa kizuri namna gani.

Hatua ya 6: Ipeleke mahali inapokua

Elfu 30 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni 3,600,000 bila faida yoyote. Tuseme imewekwa mahali panapozalisha asilimia 8 kwa mwaka na faida hairudishwi mfukoni: kwa miaka mitano inakaribia 2,204,000, na kwa miaka kumi inakaribia 5,488,000. Asilimia hiyo nimeichukua kama kipimo cha hesabu. Faida halisi hupanda na kushuka, na mfumuko wa bei nao unakula sehemu yake.

Kuna njia tatu zinazofaa kiasi hiki. Ya kwanza ni akiba ya hiari kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya kazini, yenye ubora wa kwamba makato yanaweza kupitia kwenye mshahara. Soma taarifa ya mwaka ya chama chako kabla ya kuongeza, hasa ukurasa wa mikopo isiyolipika. Ya pili ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayoendeshwa na UTT AMIS, ambako unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko. Mfuko wa Ukwasi, kwa mfano, una kianzio cha shilingi 100,000 na nyongeza kuanzia 10,000, kwa hiyo miezi minne ya vitabu inakufungulia mlango. Pesa za humo zinatoka ndani ya siku chache za kazi, na mimi naona hilo ndilo linalomfaa zaidi mtu mwenye miaka mitano au chini ya hapo, maana miezi ya mwanzo baada ya mshahara kukatika ndipo utakapozihitaji.

Ya tatu ni hatifungani za Serikali, ambako unaikopesha Serikali kwa muda maalumu nayo inakulipa riba. Kiwango cha chini mnadani ni shilingi 1,000,000, unapitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba inalipwa kila baada ya miezi 6. Kwa elfu 30 kwa mwezi utaifikisha milioni ndani ya miezi 34 hata bila faida. Kama riba ni asilimia 12, milioni hiyo inakupa 120,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kila nusu mwaka. Hata hivyo fikiria umri wako. Ukiwa na miaka 57 ukanunua ya miaka 20, mtaji utarudi ukiwa na 77. Kuiuza kabla ya hapo inawezekana, ila bei ya sokoni inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Za muda mfupi zaidi zipo, zitazame kwanza.

Chagua moja. Kiasi hiki ni kidogo mno kugawanywa sehemu tatu, na kila mahali kuna gharama zake za kufungua na kutoa.

Hatua ya 7: Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu

Miezi kumi na miwili kabla ya tarehe yako, fanya haya taratibu. Hakikisha jina kwenye akaunti ya akiba linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Jaza au rekebisha fomu ya mrithi, kwa sababu wengi waliofungua akaunti miaka ya nyuma waliandika mzazi ambaye sasa ni marehemu. Mwenzi wako aonyeshwe daftari na ajue ni taasisi gani inashika pesa hizo.

Azima kitabu kimoja cha 346 kuhusu wosia, ukisome chote, kisha umwone wakili au ofisi ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ukiwa tayari na maswali.

Kama unahamia mkoa mwingine au kijijini, rudisha vitabu vyote wiki mbili kabla ya kufunga mizigo, uliza kama fedha ya dhamana, ikiwa uliiweka, inarudishwa, na uombe maelezo ya kujiunga na maktaba ya mkoa unakokwenda. Makato ya mkopo yakiisha kabla ya mwezi wa mwisho, kiasi chake kiongeze kwenye ile elfu 30 kwa miezi iliyobaki, kabla matumizi mapya hayajakikuta.